Kiwanda Kiko Ng'ambo, Kasoro Iko Kwenye Oda

Machi 2013, Lululemon, kampuni ya Kanada inayouza nguo za yoga kwa bei ya juu, iliondoa madukani suruali nyeusi za wanawake zilizoshonwa kwa kitambaa chake maarufu kiitwacho Luon. Suruali zilikuwa zinaonyesha ndani. Zilikuwa kama asilimia 17 ya suruali zote za wanawake zilizokuwa zikiuzwa, na kampuni ilikadiria kupoteza mauzo ya dola milioni 57 hadi 67 mwaka huo. Lawama zilipelekwa upesi Taiwan, kwa Eclat Textile, mtengenezaji wa kitambaa hicho. Eclat ilijibu kwamba mzigo ulikuwa sawasawa na mkataba. Lululemon yenyewe ikaja kukubali kwamba kitambaa kilikuwa kimefaulu majaribio iliyoyaweka, ila kilikaa kwenye ukingo wa chini kabisa wa kinachoruhusiwa, na majaribio hayakugusa kila sifa ya kitambaa. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Christine Day, aliwaeleza wachambuzi wa masoko ya hisa kwamba njia pekee ya kuigundua kasoro ile ni mtu kuivaa suruali na kuinama. Aprili, ofisa aliyesimamia bidhaa aliondoka. Juni, Day naye alitangaza kuondoka.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, na kwa sababu hiyo kiini chake hupita bila kuonwa. Mnunuzi aliandika baadhi ya mambo akayaacha mengine, na yale aliyoyaacha yakaamuliwa na watu walio ng'ambo ya bahari. Kwa maoni yangu hili ndilo la kwanza kuelewa kwa yeyote anayeagiza nguo zishonwe nchi nyingine, awe kampuni yenye mamia ya maduka au mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye oda ya fulana mia tano: mahali mnunuzi aliponyamaza, kiwanda huamua kwa niaba yake, na huamua kwa kuangalia gharama zake. Wakaguzi, vyeti na safari za ndege huja nyuma ya hilo.

Chukua fulana, vazi rahisi kuliko karibu yote. Mnunuzi anaandika: fulana 3,000, pamba tupu, nyeusi, shingo ya mviringo, saizi nne. Kwake maelezo yamekamilika. Kwa meneja wa kiwanda cha Tiruppur, India, au Dhaka, Bangladesh, hapo ndipo maswali yanapoanza. Uzito gani? Kitambaa cha fulana hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, na kati ya gramu 130 na gramu 180 kuna tofauti ambayo mvaaji akisimama juani kila mtu ataiona. Uzi uwe wa pamba iliyochanwa, ambayo nyuzi fupi zimeondolewa, au ule wa kawaida unaotoa manyoya baada ya kufuliwa mara chache? Kitambaa kibanwe kwa mashine kabla ya kukatwa, au kiachwe kirudi chenyewe kwenye beseni la mteja? Mishono mingapi kwa inchi? Mabegani pawekwe utepe wa kuzuia kutanuka au pasiwekwe? Huo weusi utokane na rangi ipi, maana kuna weusi unaodumu na kuna weusi unaopauka kuelekea kijivu kabla mwaka haujaisha?

Kila swali lina jibu la bei ya chini na jibu la bei ya juu. Kushusha uzito kutoka gramu 180 hadi 160 ni kuokoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kitambaa, na kwenye fulana kitambaa ndicho gharama kubwa kuliko zote, mara nyingi zaidi ya nusu ya bei ya kiwandani. Meneja akichagua gramu 160 hajamwibia mtu. Hakuna aliyemwambia 180. Pengine hata alipotoa bei yake alikuwa tayari amepigia hesabu 160, na ndiyo sababu bei hiyo ilimvutia mnunuzi kuliko ya jirani yake.

Maneno ambayo mnunuzi huyaona yana nguvu mara nyingi hayana uzito wowote kiwandani. "Isichuje rangi" ni ombi. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 105, kinachoeleza jinsi ya kupima kama rangi inahimili kufuliwa, jasho na msuguano. Matokeo hulinganishwa na kadi ya vivuli vya kijivu yenye ngazi 1 hadi 5, na 5 maana yake rangi haijabadilika. Mnunuzi akiandika kwamba anataka ngazi ya 4 au zaidi kwa kufuliwa kwenye maji ya nyuzi 40, fundi wa rangi anajua rangi gani anunue, aiweke kwenye mtambo kwa muda gani na kitambaa kisuuzwe mara ngapi. Kusuuza ni maji, maji ni fedha, na hapo ndipo wengi hukata. Vilevile "irudi kidogo" haitoshi. Inaandikwa asilimia, inaandikwa namna ya kufua, inaandikwa kama vazi litaanikwa au litakaushwa kwa mashine. Hata taa ina jina lake: rangi mbili zinazofanana chini ya taa za duka zinaweza kutofautiana kabisa nje, kwa hiyo viwanda vyenye utaratibu hulinganisha rangi ndani ya kisanduku chenye taa iitwayo D65, inayoiga mwanga wa mchana. Mnunuzi asipotaja taa, taa ya ofisi ya meneja ndiyo itakayotumika.

Inachosha, najua. Lakini nimeona watu wakitumia miezi kujadili nembo ya shingoni na dakika tano kujadili kitambaa.

Baada ya maandishi inakuja sampuli, na sampuli ina mtego wake. Kiwanda kikubwa huwa na chumba cha sampuli, na humo hukaa mafundi bora waliomo kiwandani. Mmoja hushona vazi zima kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuharakishwa, kwa kitambaa ambacho pengine kilinunuliwa sokoni asubuhi hiyo kwa sababu kile cha oda bado hakijafumwa. Vazi linalotoka huko ni zuri kwa kweli. Halafu oda inakwenda kwenye mstari wa mafundi kadhaa, kila mmoja akishona kipande chake: huyu begani, yule mkono, wa tatu pindo, kwa lengo la vipande kadhaa kwa saa. Sampuli ya kwanza ilikuonyesha kiwanda kinaweza nini. Haikukuonyesha kitafanya nini.

Kwa hiyo wanunuzi wazoefu hawaishii kwenye sampuli ya kwanza. Wanadai nyingine kabla ya kukata majora, iliyoshonwa kwa kitambaa chenyewe cha oda, uzi wenyewe, vifungo na zipu zenyewe, na ikiwezekana kwenye mstari wenyewe. Ikikubaliwa hutiwa muhuri na kusainiwa pande zote mbili, moja inabaki kiwandani na nyingine kwa mnunuzi. Siku ya mgogoro, vazi hilo lenye muhuri lina sauti kubwa kuliko barua pepe hamsini. Mnunuzi asiye na lake anabishana kwa kumbukumbu.

Sasa ukaguzi, ambao ndio watu huutegemea mno. Utaratibu unaotumika karibu kila mahali duniani umeandikwa katika ISO 2859-1. Asili yake ni kazi ya wanatakwimu wa maabara za Bell nchini Marekani, hasa Harold Dodge na Harry Romig, kisha mahitaji ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambalo lilikuwa likinunua vitu kwa mamilioni na halikuweza kukagua kimoja kimoja. Mwaka 1950 jeshi hilo lilichapisha jedwali lililojulikana kama MIL-STD-105, na nguo zetu bado hupimwa kwa wajukuu wa jedwali hilo.

Linafanya kazi hivi. Mzigo wa fulana 3,000, kwa ngazi ya kawaida ya ukaguzi, hutolewa fulana 125 za kuangaliwa. Katika biashara ya nguo wengi hutumia kikomo cha asilimia 2.5 kwa kasoro kubwa, yaani zile zinazomfanya mteja alirudishe vazi: tundu, mshono uliofumuka, doa kifuani, saizi isiyo yake. Kwa kikomo hicho fulana 7 mbovu kati ya 125 zinaruhusiwa. Ya 8 ikionekana, mzigo unakataliwa.

Tuseme katika zile 3,000 kuna fulana 150 zenye kasoro kubwa, yaani asilimia 5, mara mbili ya kikomo. Ukipiga hesabu ya uwezekano, mzigo huo utapita ukaguzi takribani mara saba katika kumi. Mkaguzi hajahongwa. Kazi yake ameifanya kwa uaminifu, jedwali limefuatwa, na mnunuzi amepokea ripoti yenye neno "umefaulu" pamoja na fulana 150 zitakazorudishwa dukani na wateja wenye hasira. Jedwali lilibuniwa kuzuia maafa. Kasoro za kiwango cha kati linaziruhusu kupita, na waliolibuni walilijua hilo vizuri kuliko wanaolitumia leo. Ongeza kwamba fulana 125 zinapaswa kuchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katoni za juu, za chini na za katikati, na katoni za katikati ya rundo ndizo ngumu kuzifikia, hasa saa kumi jioni lori likiwa limeshafika.

Ukaguzi wa mwisho una udhaifu mwingine: unakuja wakati kila kitu kimeshakatwa na kushonwa. Kasoro ya kitambaa ikigundulika siku hiyo, hakuna cha kurekebisha isipokuwa bei. Ndiyo sababu wanaoijua kazi hii humpeleka mtu kiwandani mapema, majora yanapofika na tena fulana za kwanza zinapotoka kwenye mstari. Kitambaa huviringishwa juu ya meza yenye taa na kila kasoro hupewa alama 1 hadi 4 kulingana na urefu wake. Wengi hukubali alama 40 kwa kila yadi 100 za mraba. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini jora bovu likikataliwa kabla ya mkasi kuligusa, hasara ni ya mfumaji.

Na kuna kasoro ambazo hakuna jicho linaloziona hata kama kila kipande kingekaguliwa. Agosti 2016 kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani ilitangaza kuachana na Welspun ya India, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa mashuka duniani. Kwa karibu miaka miwili, mashuka na foronya zipatazo 750,000 zilizouzwa kama pamba ya Misri zilikuwa na pamba nyingine. Mishono ilikuwa safi, rangi safi, vipimo sawa. Bei ya hisa za Welspun ilianguka kwa takribani nusu ndani ya siku chache. Vivyo hivyo kwa kemikali: Umoja wa Ulaya unakataza rangi za azo zinazoweza kuachia viini fulani vya saratani zaidi ya miligramu 30 kwa kilo, na hakuna mkaguzi anayeweza kuziona kwa macho. Hizo ni kazi za maabara, na maabara hupima kipande ilichopelekewa. Aliyekichagua kipande ndiye wa kuulizwa kwanza.

Paul Midler, wakala wa Kimarekani aliyefanya kazi miaka mingi kusini mwa China, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2009 mchezo ambao waagizaji wengi wanaujua bila kuupa jina: oda ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya tatu chupa nyembamba kidogo, ya nne katoni dhaifu kidogo. Kwenye nguo gramu 180 zinakuwa 175, kisha 168. Kila hatua ni ndogo mno kuleta ugomvi. Dawa yake ni ya kizamani: kuhifadhi kipande cha kitambaa cha kila oda chenye tarehe, kukipima kwenye mizani na kukilinganisha na cha kwanza, wala si na cha mwezi uliopita.

Lakini ingekuwa uonevu kukiacha kiwanda peke yake kizimbani. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani uliotolewa mwaka 2017 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wasambazaji wa nguo na vitambaa waliohojiwa walikuwa wamewahi kukubali oda kwa bei isiyofikia gharama zao. Mtu anayekubali hasara ana mipango ya kuifidia, na mipango hiyo ni michache: apunguze kitambaa, awabane mafundi, au ampe kazi mwingine kwa siri. Njia ya tatu ndiyo inayoua ubora kwa haraka zaidi. Mnunuzi anakagua kiwanda kizuri chenye vigae sakafuni, halafu nguo zinashonwa kwenye jengo la nyuma ambalo hajawahi kuliona, na watu ambao hawajawahi kuiona sampuli yenye muhuri.

Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, lilipoanguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, baadhi ya kampuni za Ulaya zilianza kwa kusema nguo zao hazikushonwa humo. Benetton ya Italia ilikana, kisha nembo zake zikaonekana kwenye kifusi, ikakubali. Miezi saba kabla yake, Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kiliungua na kuua zaidi ya watu 250, wiki chache tu baada ya kupewa cheti cha SA8000 cha mazingira bora ya kazi. Mtu anaweza kusema hayo ni masuala ya haki za wafanyakazi, hayahusiani na mishono. Sioni hivyo. Kampuni isiyojua vazi lake limeshonwa katika jengo lipi haiwezi kujua limeshonwa kwa uzi gani.

Muda nao hufanya kazi ileile ya bei. Mnunuzi anachelewa wiki tatu kuidhinisha rangi lakini tarehe ya meli haisogei. Wiki hizo lazima zitoke mahali fulani, na zinatoka kwenye kusuuza, kukausha na kupumzisha kitambaa kabla ya kukikata. Fulana zilizopakiwa zikiwa na unyevu, zikafungwa kwenye mifuko ya nailoni, zikakaa kontenani wiki kadhaa hadi Dar es Salaam au Mombasa, hufunguliwa zikiwa na ukungu. Bahari hulaumiwa bure.

Pwani yetu si ngeni kwa biashara hii. Khanga zimekuwa zikichapwa ng'ambo kwa ajili yetu kwa zaidi ya karne: Uingereza, Uholanzi, Japani, India, China. Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka lake Mombasa mwaka 1887 na ambaye khanga zake zilijulikana kama Mali ya Abdulla, aliuza kitu kilichochapwa mbali na watu wasioweza kuyasoma maneno waliyokuwa wakiyachapa. Wapo akina mama hadi leo wanaomtambua mchapaji kwa kushika pindo na kunusa kitambaa, na mwenye duka aliyeleta khanga inayochuja alijibu mwenyewe kwa wateja wa mtaa wake. Jina la mwenye mali lilikuwa limeandikwa kwenye nguo.

Mwagizaji wa leo anayekwenda Guangzhou, akapita masoko ya nguo ya Baima na Zhanxi akitafuta suruali za jinzi, yuko mahali pagumu zaidi, kwa sababu oda yake ni ndogo. Kiwanda kinachoshona vipande laki moja hakitamsikiliza, kwa hiyo anaangukia karakana ndogo, mara nyingi kupitia wakala. Kudai maabara na sampuli tatu kwa jinzi mia nne ni ndoto. Lakini ana silaha moja ambayo wengi huitupa. Desturi ya malipo ni asilimia 30 mbele na 70 kabla ya kupakia. Nguvu yote ya mnunuzi imo ndani ya zile 70, na huisha sekunde ile zinapotumwa. Anayezituma kwa kuoneshwa picha za simu amekwisha kuupokea mzigo, wowote ule. Anayemlipa mtu asiye wakala wa muuzaji aende kufungua katoni, kupima viuno kwa futi, kufua suruali mbili usiku kucha na kuzianika, ndipo atume fedha, ametumia kiasi kidogo kulinda kikubwa. Na kama wakala analipwa kamisheni na kiwanda, huyo ni mtu wa kiwanda, hata kama ni wa nyumbani na mnaongea naye Kiswahili.

Vyeti vya serikali havizibi pengo hilo. Kenya ilianza mwaka 2005 utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla ya kusafirishwa, chini ya shirika lake la viwango, KEBS, na Tanzania ikafuata mwaka 2012 chini ya lake, TBS. Utaratibu huo huangalia kama bidhaa inakidhi kiwango cha taifa. Jinzi inaweza kukidhi kiwango na bado ikawa na paja jembamba kuliko uliyoagiza. Mkataba wako ni wako.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba ujuzi wote huu uko hapa hapa jirani. Athi River, nje ya Nairobi, viwanda vilivyokua chini ya sheria ya maeneo maalumu ya kuuza nje ya mwaka 1990 na baadaye soko lililofunguliwa na AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000, vimeshona jinzi na fulana kwa ajili ya maduka ya Marekani kwa zaidi ya miaka ishirini. Huko ng'ambo ni sisi. Mafundi wa Kenya wamezoea sampuli yenye muhuri, meza ya taa, jedwali la 2.5 na daftari la sindano, ambamo kila sindano iliyovunjika hubandikwa vipande vyake vyote ili kisibaki hata kimoja ndani ya vazi. Sheria huruhusu sehemu tu ya uzalishaji huo kuuzwa nyumbani, na baada ya kulipiwa ushuru, na mistari yenyewe imepangwa kwa oda za makumi ya maelfu. Mwenye oda ya suruali mia nne hana mlango wa kuingilia. Anaviacha viwanda hivyo nyuma yake akielekea uwanja wa ndege, na tiketi ya Guangzhou mfukoni.